Mgonjwa Asiyeruhusiwa Kupona

Hadithi hii hakuna anayeijua kuliko mimi, maana nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Haya, mwanzo sikuwepo. Katikati nilikuwa na mafua. Lakini yule anayewapaka poda waigizaji pale studio ni mtoto wa dada yangu, na mtoto huyo hajawahi kupewa siri ikalala kwake.

Palikuwa na mwanamke mtunzi wa tamthilia za televisheni. Alianza kwa kuandika matangazo ya sabuni, watu wakimcheka, na sasa tamthilia yake ikianza hata watoto wachanga wananyamazishwa. Aliitunga mwenyewe na kuisimamia mwenyewe, kuanzia neno la kwanza hadi kiatu cha mwigizaji wa mwisho.

Siku moja alikwenda sokoni, upande wa mitumba, kumtafutia nguo tapeli wa tamthilia yake. Makelele, vumbi, watu wanakanyagana. Akaliona koti la kijivu lenye kola ya mahameli, akaudaka mkono wake wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari umedakwa.

"Kaka, nimetangulia."

"Umetangulia kwa macho, dada. Mimi nimetangulia kwa vidole."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Akakunja uso. Muuzaji mwenyewe alirudi nyuma. Mtunzi akatabasamu.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Huo uso."

Akaondoka sokoni na koti, na mwenye uso ndani yake. Studio nzima ikamwita Koti. Akabandikwa ndevu, akawa tapeli wa wajane, na watu wakamchukia vizuri sana. Mtunzi akampenda vizuri zaidi. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Leo umemliza mjane gani?"

"Wajane kazi tu. Moyo wangu unajua unakolala."

"Wee! Usinitongoze kwa maneno niliyokuandikia mwenyewe."

Wakakubaliana Koti aende kwa wazazi, Jumapili, mchana. Mtunzi aliwaambia wazee tu kwamba kuna mgeni. Hakusema ni nani. Mama akatandika kitambaa kipya mezani. Baba akanyoa ndevu. Mtunzi akavaa gauni la zambarau, akashinda chumbani mbele ya kioo akirekebisha kisichohitaji kurekebishwa. Chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Simu ya Koti ilikuwa imezimwa. Jua lilipozama, Baba aliinuka akaenda kulala bila kumtazama binti yake usoni.

Kesho yake Koti alimfuata kwenye korido ya studio, macho chini.

"Mpenzi, tutaongea."

"Hatutaongea. Nitaandika."

Mwanamke mwingine angelia wiki nzima. Huyu alilia mpaka saa ya chai, kisha akashika kalamu.

Tapeli akagongwa na lori. Hakufa; kufa ni kupumzika. Alilazwa hospitali hajitambui, kafungwa bandeji mwili mzima, zimebaki pua na jicho moja. Mkataba ulimlazimisha Koti kuja kila siku kulala pale bila neno hata moja la kusema. Taa zinamchoma, pua inawasha, kujikuna marufuku. Na wajane wakaanza kuja kitandani mmoja mmoja, kumpa zake.

"Mgonjwa huyu atapona lini?" mwongozaji aliuliza.

"Nikipona mimi."

Siku ya mjane wa mwisho, Mtunzi alisimama nyuma ya kamera, mikono kifuani, akisikiliza maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine.

"Mama yangu alitandika kitambaa kipya," mjane alisema. "Baba yangu alinyoa ndevu. Mimi nilivaa gauni ambalo sasa siwezi kulitazama. Wewe ulikuwa wapi?"

Kisha chozi likatoka kwenye lile jicho moja, likazama ndani ya bandeji.

"Kata!" mwongozaji alipiga makofi. "Huyu kijana ni moto!"

Chozi lile liliporushwa hewani, nchi ilichafuka. Simu zikamiminika: apone jamani, asamehewe, katubu. Watu walimletea mgonjwa wa uongo maua ya kweli. Mtunzi alikaribia kupasuka. Amemfunga bandeji amdhalilishe, kumbe amemfanya kipenzi cha watu! Akakaa akaandika kifo. Koti akizikwa, mkataba umekwisha, wasionane tena maishani. Aliandika haraka, maana mkono ulikuwa unataka kukataa.

Asubuhi ya kufa, mwongozaji akisubiri kando ya kamera, marehemu aliketi kitandani, akajivua bandeji za usoni. Ndevu hana, amekonda.

"Niue, lakini nisikilize. Siku ile nilikuwa nakuja, roho yangu. Nilifika nusu ya njia nikapigiwa simu. Mjomba kaanguka bafuni. Chaji ikaisha hapohapo. Nikaona aibu kueleza."

"Mjomba?"

"Nyonga. Aliteguka nyonga. Nakupenda. Nioe kama unaona mimi sifai kukuoa. Jumapili hii nakuja, hata kwa magoti."

Mtunzi alimtazama. Akazichana kurasa za kifo katikati, vipande vikaanguka sakafuni. Alikuwa ameinamia lile shavu kulibusu mlango ulipofunguliwa. Mama yake, na mfuko wa machungwa, amekuja kumtazama mgonjwa kama nchi nzima.

"Mgonjwa wetu yuko w—" Mama akaacha mfuko ukaanguka. "Ha! Huyu ndiye yule mwizi!"

"Mwizi gani, Mama?"

"Wa Jumapili ile ya mgeni wako! Sikukuambia, nisikuharibie siku. Baba yako alikuwa sebuleni anaangalia marudio ya tamthilia, anamtukana yule tapeli wenu kama kawaida yake: 'Thubutu kukanyaga kwangu, mshenzi wewe, nitakukata miguu!' Huyu hapa alikuwa kibarazani na shada la maua, mkono juu anataka kubisha. Akasikia. Mwanangu, aliruka ua wetu kama mbuzi! Suruali ikabaki nusu kwenye seng'enge!"

Mtoto wa dada yangu anaapa kwamba hata feni ilisimama.

Mtunzi alijinyoosha polepole. Mdomo ulikuwa unacheza, lakini haukuwa umeamua kama ucheke au ung'ate.

"Nusu ya njia," alisema.

Koti akaanza kujirudishia bandeji usoni.

"Na mjomba, nyonga yake inaendeleaje?"

"Mjomba..." Koti alimeza mate. "Mjomba..."

Mtunzi akainama, akaanza kuokota vipande vya kifo kimoja kimoja, akamgeukia mwongozaji.

"Niletee gundi."

Koti akavuta shuka mpaka kidevuni, akajilaza taratibu, akafumba macho, akawa hajitambui.