Shemeji Alisoma Herufi Zetu

Kila asubuhi dobi aliwasha pasi, akanyunyiza maji kwenye mashati, akaanza kazi. Simu yake aliiacha kaunta, karibu na mlango. Wateja walituma ujumbe kuulizia nguo zao, naye aliwajibu huku mvuke ukimpanda usoni.

Lakini tangu mdogo wake atoroke, simu ikilia tu, aliikimbilia. Mdogo wake alikuwa amevunjwa mkono na mumewe, dereva wa lori. Sasa alijificha na mtoto wake kwa rafiki. Mume alimtafuta mtaa kwa mtaa, akiapa kumrudisha, hai au hoi.

Dada hao waliandikiana kwa siri. Kila herufi waliisogeza mbele mara moja. A waliiandika B, B wakaiandika C. Walijiona wajanja kweli.

Siku moja yule dereva aliingia na furushi la mashati.

"Habari za kazi, shemeji?"

"Nzuri," dobi akajibu. Akaingia ndani kupeleka mashati. Aliporudi, alimkuta shemeji ameshika simu.

"Shemeji, umeanza Kichina?" aliuliza akicheka. "IBNB LFTIP."

"Ni... mtoto wa jirani aliichezea."

"Aa! Mbona B zinajirudia? Nikasema labda B ni A. Nikarudisha kila herufi nyuma mara moja. H, A, M, A. Hama kesho." Kicheko kikakatika. "Anahamia wapi?"

"Sijui."

"Basi atakuandikia. Na mimi nitasoma. Kesho nafuata mashati yangu."

Akaondoka. Dobi aliketi sakafuni. Ni kweli hakujua. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa amewatafutia mdogo wake na mtoto nyumba salama, na dobi alikuwa amemwandikia tu ahame kesho. Mdogo wake angeambiwa siku yenyewe ya kuhama pa kukutana na gari, kisha amwandikie dada yake aje amsaidie mizigo. Shemeji akizisoma herufi hizo, angefika wa kwanza.

Alipanda ngazi mbio hadi kwa jirani yake wa juu, mwalimu wa hesabu. Watoto wa mtaa walimwita Desimali, kwa sababu hata umri wake aliutaja kwa nukta.

"Tumia simu yangu," Desimali alisema baada ya kusikiliza.

"Akijua unanisaidia, atakuandama na wewe. Je, nikichanganya herufi ovyo? A iwe R, B iwe M?"

"Bado. A itakuwa R kila mahali. Kiswahili kinapenda A mno. Atatafuta herufi iliyozidi, aanzie hapo."

"Basi tumekwisha!"

"Hamjaisha. Mnahitaji ufunguo. Tujaribu na neno CHAI. C ni herufi ya tatu, H ya nane, A ya kwanza, I ya tisa. Hizo ndizo hatua zetu. Haya, funga neno HAMA."

Dobi alihesabu kwa vidole. H, mara tatu, ikawa K. A, mara nane, ikawa I. M, mara moja, ikawa N. A ya mwisho, mara tisa, ikawa J.

"KINJ," alisoma. "Mbona A moja imekuwa I, nyingine J?"

"Ndiyo raha yake. Akihesabu herufi zinazojirudia, anajidanganya mwenyewe."

"Na kusoma?"

"Ufunguo uleule, ila unarudi nyuma. Uliofunga ndio unaofungua. Kwa hiyo muwe nao ninyi wawili tu."

Dobi akachukua simu. "Ngoja nimtumie neno sasa hivi."

Desimali alimshika mkono. "We! Ukilituma kwa simu hiyohiyo, umefunga mlango ukaacha ufunguo kwenye kitasa. Nitalipeleka mwenyewe, mdomo kwa sikio. Shemeji yako hanijui. Na lisiwe CHAI. Neno fupi likijirudia katika ujumbe mrefu, mtu mvumilivu atalivumbua. Wala lisiwe jina la mtoto. Chagua maneno kadhaa yasiyohusiana, yawe marefu kuliko ujumbe. Mkishatumia, yatupeni."

Walichagua, na dobi akamwelekeza kwa yule rafiki. Desimali akajifunga kanga, akatoka.

Kesho yake ujumbe uliingia. Dobi alirudisha herufi nyuma kichwani, moja baada ya nyingine. Alipopata neno la mwisho, mlango ulifunguliwa. Hakuwahi kufuta.

Shemeji alimpokonya simu. Alirudisha herufi mara moja, midomo ikichezacheza. Akarudisha mara mbili. Mara tatu. Akahesabu zinazojirudia. Shingo ilimvimba.

"Hii ni nini?"

Dobi alimsogezea furushi la mashati yake.

Shemeji aliupiga ujumbe picha kwa simu yake. "Nitaisoma tu. Wewe usitoke humu." Akaenda kukaa ndani ya lori, lililoegeshwa mbele ya duka. Dobi alimwona kupitia kioo, ameinamia simu, anahesabu kwa vidole.

Aliacha pasi ikitoa mvuke, ili aonekane yupo. Kisha akakumbuka moto, akarudi kwa magoti kuichomoa. Alipita katikati ya mashuka mabichi uani, akatokea mlango wa nyuma. Hakukimbia. Aliogopa sauti ya viatu vyake.

Mdogo wake alikuwa palepale ujumbe uliposema, nyuma ya kliniki, mtoto mgongoni, mkono kwenye plasta. Afisa wa ustawi alikuwa na gari na askari mwanamke. Walipakia mabegi haraka.

Dobi alimweleza askari vitisho vya shemeji, naye akatuma wenzake dukani. Walimkuta shemeji bado ndani ya lori, anahesabu. Sasa kesi iko mahakamani, naye amezuiwa kuwasogelea.

Dobi ameweka namba ya siri kwenye simu, na kila ujumbe akishausoma anaufuta. Dada hao wakikutana, hunong'onezana maneno mapya. Dobi bado hushtuka mlango ukifunguliwa ghafla. Lakini mdogo wake amepata kazi, na mtoto sasa hulala bila kuuliza kama baba anajua walipo.