Kidole Gumba cha Naheed

Mwanaume akichoshwa na foleni ya ofisi ya usajili wa magari pale Multan, hutafuta mwanamke. Dirisha la wanawake halina msongamano. Wanasimama wawili watatu, wanajipepea kwa mitandio, wanahudumiwa na kwenda zao. Upande wa wanaume watu wamebanana tangu asubuhi na kila mmoja anamgombeza mwenzake asisukume. Ndiyo maana Zawar, alipomwona binti mmoja wa suti ya pamba ya manjano na mtandio wa bluu, alichomoka kwenye mstari akamfuata.

"Dada, samahani, nipitishie haya makaratasi. Mungu atakulipa."

"Mungu atanilipa. Na wewe je?"

"Nitakununulia chai."

"Joto lote hili, chai?" Naheed alimtazama kuanzia juu hadi chini: masharubu yaliyopakwa mafuta, shuka la ajrak la nakshi nyekundu begani, viatu vilivyobeba vumbi la njia nzima ya Karachi. "Lete nione kwanza. Sipitishi nisichokijua."

Akasoma. Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio.

"Kaka, lori lako halijakaguliwa tangu mwaka jana. Bima imekwisha. Kibali cha njia kina jina la mtu wa Sahiwal. Hapa unaomba usajili au unaomba kufungwa?"

"Huyo wa Sahiwal ndiye aliyeniuzia."

"Basi lori bado ni lake. Wewe umenunua rangi na minyororo."

Na kweli lori lile, lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, lilikuwa rangi tupu: tausi ubavuni, vioo vidogo vidogo usoni, minyororo ikining'inia chini na kulia upepo ukipita. Zawar aliendesha malori ya wengine miaka mingi mpaka akapata la kwake, na mtu kuliita rangi na minyororo lilikuwa jambo la kugombana. Cha ajabu hakugombana. Aliuliza tu, "Wewe unafanya kazi gani, unayejua kutukana kwa utaalamu hivi?"

Alikuwa karani wa mwanasheria wa kodi. Tangu siku ile makaratasi ya Zawar yakawa mikononi mwake. Lori likapelekwa kukaguliwa, bima ikakatwa upya, na kila jambo lilihitaji simu. Jambo la simu ya dakika mbili likawa linaongelewa saa nzima.

"Uko wapi?"

"Nimeegesha Sukkur. Nakula dengu. Zina mawe."

"Tafuna taratibu, nayahitaji hayo meno."

"Kumbe nahitajika!"

"Nani kasema wewe? Nimesema meno."

"Naheed, roho yangu, nikifika Multan nitakuletea tende."

"Niletee risiti za mafuta. Tende utakula mwenyewe."

Walipendana hivyo, wakitaniana. Siku moja tu Naheed hakutania. Alimsimulia habari za mama yake. Baba alipofariki, baba yake mdogo aliandikisha lori kwa jina la mama. Alimwambia ni saini tu, shemeji, usiwe na wasiwasi. Lori likagonga mtu njia ya Muzaffargarh. Aliyesimama mahakamani ni mama, mtandio ameuvuta mpaka puani kwa aibu, na baba mdogo amejificha kwa wakwe zake.

"Mama hakuwahi hata kupanda lile lori," alisema. "Zawar, mimi jina langu silitoi hovyo."

"Nani anakuomba jina, kipenzi? Mimi nakuomba wewe."

Jibu tamu. Ole wake Zawar, aliung'ang'ania utamu wa jibu lake akaisahau hadithi yenyewe.

Posa ikapelekwa. Munir, kaka mkubwa wa Zawar, alikwenda na mkewe, wamebeba halua ya Multan kwenye makopo ya bati, na mama yake Naheed akakubali kwa machozi. Ndoa ingefungwa msimu wa maembe ukiisha. Kilichobaki ni kutaja mahari, na kuliandika lori kwa jina la mwenyewe, kwa maana matajiri wa maembe hawapakii kwenye gari lenye jina la mtu wa Sahiwal.

Hapo ndipo palipoharibika. Kwetu, mtu asiyepeleka ritani ya kodi kila mwaka hutozwa mara mbili akiandikisha gari, na Zawar maisha yake yote hakuwahi kupeleka ritani, kama madereva wote anaowajua. Naheed alimwambia avumilie: atamwandikisha, jina litaingia kwenye orodha ya walipakodi, ndipo waandike lori. Lakini maembe hayavumilii. Yalikwisha kuanza kunukia sokoni.

"We mjinga nini?" Munir alimwambia. "Mchumba wako yumo kwenye orodha. Andika lori kwa jina lake. Kesho kutwa si wetu?"

Zawar alilifikiria usiku kucha, na nawaambia kilichokuwa moyoni mwake, maana baadaye watu walimsema vibaya. Alijisemea: nitaliandika kwa jina lake, na liwe lake kweli. Liwe ndiyo mahari yake. Alitaka kulitangaza jioni, mbele ya mama mtu, amwone Naheed akikosa la kusema walau mara moja. Alikuwa na furaha kama mtoto wa sikukuu. Na nusu ya kodi ilipungua pia, siwezi kusema hakuihesabu.

Akampigia simu. "Njoo ofisi ya usajili kesho asubuhi. Nina jambo la kukushangaza."

"Ofisi ya usajili? Wenzangu wanashangazwa kwenye bustani."

"Njoo tu, mpenzi. Vaa ile ya manjano."

Alivaa ile ya manjano. Alijipaka wanja, akatia bangili za kioo mkono mzima. Karani wa dirishani akamsogezea kifaa cha alama za vidole. "Dada, weka kidole gumba hapa."

"Cha nini?"

"Lori si linaingia kwa jina lako?"

Naheed akageuka. Nyuma yake amesimama Zawar, na nyuma ya Zawar Munir, na nyuma ya Munir foleni yote ya wanaume, masikio yamewasimama.

"Zawar, hiki ni nini?"

"Shemeji, weka kidole, joto hili," Munir akadakia. "Kodi inashuka nusu, wewe unaleta maswali!"

Mtu mmoja kwenye mstari akacheka. "Kaka umejua kuchagua! Sisi tunaangalia sura, mwenzetu kaangalia ritani!" Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Nakuuliza wewe," Naheed alisema, macho kwa Zawar peke yake. "Hiki ni nini?"

Neno moja lilitosha. Mahari. Lilikuwa pale ulimini mwa Zawar. Lakini wale walikuwa madereva, watu wa kazi yake, na mwanaume anayempa mke lori lake zima huitwa dereva wa mke mpaka siku ya kuzikwa. Aliwatazama. Akainamisha macho.

"Weka tu kidole," akasema. "Tutaongea nyumbani."

Naheed hakupiga kelele. "Nilikusimulia habari za mama yangu," alisema. "Nilikusimulia wewe, Zawar." Akavuta mtandio kichwani, akapita katikati ya wanaume wale, nao wakampisha.

Zawar angemkimbilia. Jamani, mlango ulikuwa pale pale! Lakini Munir alimshika mkono, akamwambia mwanamke akibembelezwa siku ya kwanza atabembelezwa milele, na kwa hasira na aibu yule bwana akakubali kila alichoambiwa. Mke wa Munir, aliyekuwa mwalimu na kwenye orodha yumo, akaitwa kwa riksha. Kabla ya adhuhuri lori lilikuwa na jina la shemeji.

Siku chache baadaye Naheed alimpigia. Alikuwa ameshajiandaa kumsamehe. Alitaka kusikia maelezo tu, hata yawe mabovu. Zawar alikuwa kwenye foleni ya mizani ya malori, amepakia maembe. Aliliona jina lake kwenye simu, moyo ukamruka, naye akaiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Alitaka amtie adabu kidogo. Jioni alipopiga yeye, simu haikupokelewa, na kesho yake makopo ya halua ya posa yakarudishwa, yameoshwa vizuri. Mpaka leo ukimtajia mizani ile anageuza uso.

Msimu ukaisha. Munir akaweka dereva mwingine. "Lori ni la mke wangu," alisema, bila hata kuona haya. "Ukitaka, nitakulipa kama dereva." Zawar alikwenda kwa wazee, wazee wakauliza jina la nani liko kwenye usajili, na hapo maneno yakaisha.

Ulipoingia ukungu wa baridi, aliingia ofisini kwa Naheed, shuka lile lile begani, masharubu bila mafuta. Naheed alikuwa na sweta la kijivu na miwani mipya. Walitazamana, na kila mmoja aliona jinsi mwenzake alivyokonda.

"Karibu," alisema. "Una shida gani?"

"Tunanunua gari la zamani, mimi na mwenzangu mmoja. Nataka niwemo kwenye orodha mwenyewe."

"Kaa."

Hakukaa. "Lile lori lilikuwa mahari yako."

Naheed akaweka kalamu mezani.

"Nilitaka kukwambia jioni, mbele ya mama."

"Mimi niliuliza asubuhi, Zawar."

"Najua."

"Ungesema pale pale, ningeweka vidole vyote kumi. Na hao wanaume ningewacheka mimi."

"Unaniamini?"

"Nakuamini. Ndicho kinachoniumiza. Ungekuwa mwongo ningelala usiku."

Machozi yakamtoka Zawar waziwazi, na mwanasheria mwenyewe alikuwa chumba cha pili. Hakujali tena nani anamwona. "Basi turudiane. Sina lori, nina mikono. Nakupenda, Naheed. Nitasimama pale dirishani niwaambie wote."

"Na mimi nakupenda." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. "Lakini siku nyingine nitakuuliza jambo mbele za watu, na wewe utawatazama watu. Mama yangu aliishi hivyo. Mimi siwezi."

"Nimebadilika."

"Labda. Lakini mimi nitakuwa nakuangalia kila siku kama umebadilika, na hayo si maisha, si yako wala yangu." Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio, akafuta mara ya pili. "Kaa, nikuandikishe. Hilo naliweza."

Akakaa. Akamtajia namba ya kitambulisho, anwani, kazi, naye akawa anaandika kwenye kompyuta, vidole vinakwenda haraka haraka. Kisha vikasimama.

"Umeoa?"

Zawar akamtazama, asiamini kama ameulizwa.

"Fomu ndiyo inayouliza," alisema Naheed, sauti imemshuka. "Bila jibu haiendi mbele."

"Sijaoa."

Akaandika. Hakuinua uso mpaka aliposikia mlango umefungwa.