Woga Uliobaki Baada ya Treni Kufika

Mbelu alikuwa mshonaji. Mashine yake ya kushona ilikaa karibu na dirisha, katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi pembeni ya Kolwezi. Mume wake, Tshilombo, alifanya kazi mgodini. Mtoto wao Kalombo alikuwa darasa la kwanza. Mdogo wake, Simone, alikuwa anaanza kutembea. Mama yake Tshilombo, bibi Bilonda, aliishi nao tangu alipofiwa na mume wake huko Kasai.

Kila alasiri walilipua mawe mgodini. Ardhi ilitikisika na vikombe viligongana kabatini. Watu walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na maneno yao. Mbelu naye alizoea. Alizaliwa hapo.

Siku moja ya kiangazi, saa sita mchana, alikuwa anashona gauni la ubatizo. Barabara ilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa limesimama hewani, halipandi wala halishuki. Mara alisikia mtikisiko. Akatazama vikombe. Vikombe vilikuwa vimetulia. Aliyetikisika ni yeye.

Moyo ulianza kupiga mbio. Vidole vilikufa ganzi. Akasikia mtu anahema nyuma ya pazia la chumba, haraka haraka, kama mtu aliyekimbia. Mbelu alikwenda akafungua pazia. Hapakuwa na mtu. Lakini ile pumzi iliendelea kusikika, tena karibu zaidi.

Aligeuka. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, kimya, anamtazama.

"Mamu," Mbelu aliuliza, "nani eko mu nyumba?"

"Hakuna mutu," Bilonda alijibu. "Niko mi tu na weye."

Mbelu alikaa chini sakafuni. Aliona hakika kwamba anakufa. Baadaye moyo ukatulia, jasho likakauka, na mchana ukaendelea kama kawaida.

Kitu kile kilimrudia sokoni, alipokuwa ananunua sombe, majani ya muhogo. Sauti za watu zilikwenda mbali, kama zinatoka ndani ya kisima. Kilimrudia kanisani, katikati ya wimbo. Tangu hapo alianza kukiogopa hata kabla hakijafika. Aliacha kwenda sokoni. Aliacha kanisa. Usingizi ulimpotea, na chakula kilimshinda. Nguo za watu zililundikana juu ya mashine. Mwisho alimzuia Kalombo asiende shule.

"Juu ya nini haendi?" Tshilombo aliuliza.

"Akitoka, atakufa."

"Atakufa na nini?"

Mbelu alifunga mlango. Kiangazi kiliisha, mvua zikaanza, na hali ilikuwa ile ile.

Wakati huo Tshilombo alikwenda Tenke kwa msiba wa mjomba wake. Alisafiri na Mulumba, mume wa Agnès, mdogo wake Mbelu. Siku ya kurudi, treni ilichelewa. Dada hao wawili walingoja stesheni tangu asubuhi. Mbelu alikubali kutoka kwa sababu tu Agnès alimshika mkono njia nzima.

Agnès naye aliogopa. Alitembea huku na huku. Mkate alioununua haukushuka kooni.

"Yaya, moyo wangu inapiga mubaya," alimwambia dada yake mkubwa. "Kama treni ilianguka?"

Jioni treni ilifika. Mulumba alishuka na begi lake. Agnès alimgombeza kwa kuchelewa, kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha treni. Kisha alicheka, akaumega ule mkate na kuula wote akiwa amesimama.

Tshilombo naye alishuka. Mbelu alimtazama akija. Uso ulikuwa wake, na mwendo ulikuwa wake. Lakini alionekana kama picha ya Tshilombo inayotembea. Alipomshika mkono, Mbelu hakuhisi joto lake. Woga haukuondoka. Uliongezeka.

Jirani yao, mama Numbi, alimhurumia. Alimpeleka kwa mtu mmoja aliyejulikana mtaani kwa kuombea wagonjwa. Mtu huyo alifumba macho kwa muda mrefu.

"Kile kitu kinakaa mu parsele yako," alisema polepole. "Kinakulaka bukari pamoja na ninyi."

Njiani kurudi Mbelu alihesabu watu wanaoishi katika ua wake na kula ugali naye. Alipofika nyumbani, bibi Bilonda alikuwa uani anamenya karanga. Bibi aliinua macho, akamtazama kimya, kama ile siku ya kwanza.

Usiku ule ule Mbelu alimwambia mume wake, "Ni mama yako. Aende, ao mi nitakwenda."

Tshilombo alikataa. Lakini maneno ya bulozi, ya uchawi, yakishaingia katika nyumba hayatoki kwa urahisi. Majirani waliacha kumsalimia bibi. Watoto wa jirani walikatazwa kupokea karanga zake. Mwishowe Tshilombo alimwambia mama yake, bila kumtazama usoni, kwamba kuna treni ya kwenda Kasai. Bilonda hakubishana. Alifunga nguo zake katika kitambaa, akakaa barazani.

Agnès alimkuta hapo.

"Mamu, unakwenda wapi?"

"Banasema niko mulozi."

Agnès aliingia ndani kwa dada yake. "Yaya, siku ile ku stesheni tulikuwa na woga shi bote. Wa mi uliisha. Wa weye haukuisha. Nani alituloga shi bote wawili, kisha akaniacha mi? Twende tumuone mama Valérie ku dispensari."

Mbelu alisita. Bilonda alisema kutoka barazani, "Mupeleke. Mi nitachunga batoto. Mukirudi, mutanifukuza."

Mama Valérie alikuwa muuguzi wa miaka mingi. Kwenye karatasi za serikali jina lile la kizungu lilikwisha kufutwa, kwa amri iliyokataza majina hayo, lakini wagonjwa waliendelea kumwita hivyo. Alimpima Mbelu homa na presha. Alisikiliza kila kitu bila kumkata maneno.

"Mama, mi niko na wazimu?" Mbelu aliuliza.

"Hapana. Sikia. Woga si ugonjwa. Ukiona nyoka mu njia, woga njo unakurudisha nyuma. Nyoka ikienda, woga nao unaenda. Agnès aliogopa juu treni ilichelewa. Ilifika, akatulia. Ule ni woga wa kila mutu. Wa kwako, treni ilifika, nao ukabakia. Unakuya hata kama hakuna kitu cha kuogopa. Na umekuzuia kulala, kula, kufanya kazi. Umemutoa mutoto ku masomo. Na umekaa miezi. Woga wa vile unaomba munganga wa hospitali, sawa vile malaria inaomba munganga."

"Lakini nilisikia mutu, nyuma ya pazia. Alikuwa anahema."

"Ni weye ulikuwa unahema. Woga mukubwa unamufanya mutu apumue mbio. Anasikia pumzi yake kama ya mutu mwengine. Na kupumua mbio vile njo kunafanya vidole vikufe ganzi."

Mbelu alitazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Banasema ni mama mukwe."

"Ile siku ya soko, alikuwa wapi?"

"Ku nyumba, na batoto."

"Na ile siku ya kanisa?"

Mbelu alifikiri. Machozi yakaanza kumtoka. "Ku nyumba," alisema.

Mama Valérie alimpa leso ya kufuta macho. Halafu akasema, "Nitakutuma kwa daktari. Na siku mawazo ya kujiua ikikuya, usingoje. Uniite pale pale."

Daktari wa hospitali alisikiliza moyo, akapima damu, akagusa shingo. Kuna magonjwa ya moyo na ya tezi ya shingo yanayoleta hali kama ile, kwa hiyo alitaka kuwa na hakika. Hakuyakuta. Alimpeleka Mbelu kwa daktari wa magonjwa ya mawazo, aliyekuwa anakuja kutoka Lubumbashi. Daktari huyo alizungumza naye mara nyingi. Alimpa dawa kidogo, akamkataza kuiacha au kuiongeza bila kumuuliza. Alimfundisha kutoa pumzi polepole. Akamwambia asikimbie tena mahali panapomtisha: afike, akae mpaka woga upungue, ndipo arudi.

Kabla ya hayo yote, jioni ya siku ile ya dispensari, Mbelu alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mamu, nilikuogopa. Unisamehe. Ulikuwa unanitazama."

"Nilikutazama juu uso yako ilikuwa sawa ya mutu mwenye kufa," Bilonda alisema. "Na mi niliogopa. Sikujua nifanye nini."

Tshilombo alikuwa amesimama karibu. Alichukua kitambaa cha nguo, akakifungua mwenyewe, akarudisha nguo za mama yake mahali pake. Asubuhi yake alikwenda kwa majirani, mlango kwa mlango, akawaeleza ugonjwa wa mke wake. Wengine walisikiliza. Wengine walitikisa kichwa.

Mbelu na Bilonda walianza na mwisho wa barabara. Siku nyingine walifika kwenye bomba la maji. Kuna wiki ambazo Mbelu alirudi nyuma, akalia, akasema hawezi. Bilonda alingoja. Mvua zilipoanza kupungua, wawili hao waliingia sokoni na kununua sombe. Kalombo alikuwa amekwisha kurudi shule.

Kisha Kalombo akapata homa kali. Alitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Mbelu alimbeba mgongoni mpaka dispensari, na Bilonda alimfuata na Simone. Moyo wa Mbelu ulipiga mbio njia nzima.

"Ni ule?" Bilonda aliuliza walipoketi kwenye benchi.

Mbelu alisikiliza mwili wake.

"Hapana, mamu. Huu ni wa mutoto."

Mama Valérie alimlaza Kalombo kitandani ndani, akamchoma sindano ya malaria. Mbelu na Bilonda walingoja kwenye benchi. Adhuhuri mtoto alitoka jasho, akaomba maji, akayanywa yote. Alipotoka mama Valérie kuwapa habari kwamba homa imeshuka, alimkuta Mbelu ameegemea bega la mama mkwe wake, macho ameyafumba. Mlango uligongwa, na mgonjwa akaitwa kwa sauti. Mbelu hakushtuka.

"Nimuamushe?" mama Valérie aliuliza.

"Umuache," Bilonda alinong'ona. "Amelala."