Wadudu Chini ya Diski

Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye kibanda cha fundi Nyangi pale Nyasura, mjini Bunda, kompyuta ya chama cha wafugaji wa Mugeta ilikutwa haina hata faili moja. Rejesta ya mipaka ya malisho ilikuwa humo, na Ijumaa baraza la ardhi lilitaka kuisoma.

Saa tano Inspekta Matiko alikuwa amekalia kiti pekee cha kibanda na pingu ameziweka mezani. Alimchukia Nyangi tangu alipoingia, wala hakujisumbua kuficha.

“Umefuta saa ngapi?”

“Sijafuta, afande. Katibu Amos aliileta Jumatatu, inawaka ila haifunguki, akataka nipige Windows upya. Akasema nakala ya kazi zao anayo. Nikaanza, ikagoma asilimia thelathini na sita. Nikabadilisha flashi, ikagoma palepale. Nikabadilisha RAM, ikagoma. Jana nikapima diski, kumbe mbovu. Leo nikatafuta kazi zao humo, hamna kitu.”

Amos, katibu wa chama, alicheka kwa dharau. “Nakala? Mimi nimesema hivyo? Muongo mkubwa! Hiyo kompyuta haitokagi ofisini kwangu. Ufunguo ninao mimi tu, na tangu tuinunue haijafunguliwa hata skrubu moja. Imefika hapa nzima, ameiua yeye.”

“Amenunuliwa huyo!” Mjane Yuliana alifoka akiwa mlangoni. Kesi ya Ijumaa ilikuwa yake. “Mpaka wangu umeufuta wewe! Ng’ombe wangu watakunywa wapi?”

Neno hilo lilimuuma Nyangi kuliko pingu. Kosa alikuwa nalo moja: hakumwandikisha Amos kwamba nakala anayo. Sasa angelala mahabusu kwa uzembe huo. Akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

“Usiguse ushahidi!”

“Basi fungua wewe, afande. Anzia kwenye diski.”

Matiko alifungua kwa hasira. Ndani ya kasha vumbi jekundu la Mugeta lilikuwa limeganda kwenye feni, kwenye nyaya, kila mahali. Diski peke yake ilikuwa safi, imepanguswa. Alipoigeuza, vijidudu vikavu vilidondoka mezani kama pumba.

“Wadudu wa ziwani,” Nyangi alisema. “Musoma wanatokaga majini wingu zima, mpaka kwenye ugali wanaingia. Mugeta hawafiki. Tafuta hata mmoja kwenye hilo kasha.”

Matiko alimulika kona zote kwa simu yake. Hakupata. “Kwa hiyo diski imebadilishwa,” alisema, akamgeukia Gasper, fundi aliyechangia kibanda na Nyangi. “Wewe nyumbani kwako wapi?”

“Buhare,” Gasper alijibu. Buhare ni pembeni tu mwa mji wa Musoma.

“Ufunguo wa hapa unao?”

“Ninao, afande.”

“Si huyo hapo!” Amos aliruka. “Mfungeni!”

Matiko alizichukua pingu. Nyangi angeweza kunyamaza akapona. Yeye na Gasper walikuwa na wiki tatu hawasalimiani.

“Huyo simpendi,” alisema, “lakini siye. Mteja akileta mashine naiwashaga mbele yake, nampiga picha amesimama pembeni ya skrini yenye namba ya diski. Watu wa hapa wanapenda kusema umewaibia kifaa.”

Picha aliyoifungua kwenye simu yake ilikuwa ya Jumatatu, saa tatu na dakika tano. Amos alikuwa anatabasamu. Matiko alisoma namba kwenye picha, akasoma iliyoandikwa kwenye diski. Zilikuwa sawa.

“Ilikuja hivihivi,” alisema polepole. “Imetoka kwenye ofisi ambayo ufunguo anao mtu mmoja.”

“Picha zinatengenezwa siku hizi!” Amos alipiga meza. “Hiyo diski nyingine iko wapi? Ionyesheni!”

Nyangi alikuwa ameshaanza kupiga simu. Mafundi wa mashine kuukuu wa Musoma aliwajua wote. Wa kwanza hakuwa na kitu. Wa pili alikuwa Eliasi wa Buhare. Akaweka sauti ya juu.

“Eliasi, natafuta diski nzima ya mashine ya zamani.”

“Una bahati, dada. Jumapili katibu mmoja wa Mugeta kaniletea yake, akataka nimpe mbovu. Ile nzima akasema niitupe ziwani. Nitupe diski nzima, mimi? Ninayo hapa, imejaa majina ya wafugaji. Bado sijaifuta.”

Amos alikaa chini kwenye sakafu.

“Kwa nini hukufuta tu mwenyewe?” Matiko aliuliza.

“Mafundi wangeyarudisha mafaili. Na nilitaka lawama iwe ya fundi.” Akamkata Yuliana jicho. “Ng’ombe sita, na kisima anacho peke yake! Wangu mia wanakufa kiu, nimtazame tu?”

Matiko alimfunga pingu. Hakumwomba Nyangi radhi.

Yuliana alibaki mlangoni, amejiinamia. “Binti yangu, nimekutukana.”

“Umenitukana, mama,” Nyangi alisema, akichukua begi lake. “Ingia kwenye gari la afande, twende Buhare kabla Eliasi hajaifuta.”