Redio Ilidai Namba ya Siri, Nikamkaba Shemeji

Nilimkaba shemeji yangu mbele ya ukoo mzima wa mke wangu!

Ndiyo, mimi Efdal, dereva wa angkot, daladala za hapa Padang. Msinihukumu, someni kwanza.

Asubuhi moja nilimkuta Zulfan, kaka wa mke wangu, ameinama kwenye gari langu, spana mkononi.

"Unafanya nini?!"

"Nimebadilisha betri. Ile ya zamani ilishavimba."

Nikawasha gari. Redio kimya... Kioo chake kinaandika: INGIZA NAMBA.

Damu ikanichemka! Padang hii wanafunzi wanachagua angkot kwa besi. Gari bubu linabeba hewa.

"Namba iko wapi?"

"Sijui."

Nikabahatisha mara tatu. Redio ikajifunga kabisa!

Siku tatu nikapita geti la shule kimya kimya.

"Uda, kaka yetu, umefiwa?" wasichana wakanicheka, wakapanda gari la nyuma yangu.

Nikajua tu... Zulfan anautaka usukani! Gari lenyewe ni mali ya ukoo wao, kama nyumba ninayolala. Nikaenda kwa Mamak Bustanul, mjomba wa mke wangu, mwenye kauli ya mwisho. Akaitisha kikao.

"Mwizi huyu!" nikafoka. "Ameficha namba ili apewe gari!"

Nikamkaba. Watu wakaruka kutuamua.

"Mwachie!" Ilikuwa sauti ya mke wangu, Yulisma. "Namba ninayo mimi."

Akatoa kadi kwenye mkoba.

"Mimi ndiye niliyemtuma abadilishe betri. Nilijua redio ikikatiwa umeme itadai namba."

"Wewe?! Mke wangu wa ndoa?!"

"Wiki iliyopita nilisimama barabarani na Rahmi, ameshikwa na degedege. Nikakupungia. Nikakuita mpaka sauti ikakauka. Ukapita, unatikisa kichwa na wanafunzi wako!"

Jamani... Rahmi ni binti yetu. Ana miaka miwili.

"Zulfan ndiye aliyetukimbiza hospitali na pikipiki," akaendelea. "Mtoto alipona kwa sababu yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikufuata garini jioni ile ile. Ukaniambia, subiri kwanza, wimbo uishe."

Niliona aibu hata pa kuyaweka macho sikupajua. Zulfan alikuwa anajikanda shingo.

"Hayo ya redio ningekuombea msamaha mimi mwenyewe," Mamak akasema. "Lakini umemkaba mtoto wa nyumba hii ndani ya nyumba hii, na wewe ni mkwe tu. Zulfan, chukua funguo."

"Mamak, nisamehe!"

"Mwombe mkeo."

Yulisma aliniwekea ile kadi kiganjani, akambeba mtoto, akaingia ndani.

Ndugu zangu, kabla hujaongeza sauti, angalia unafunika sauti ya nani. Leo namba ya redio ninayo. Gari sina.