Mtu Mweusi Kwenye Skrini

Kaka yangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya ndege ndogo, nyuma ya rubani, macho kwenye skrini. Chini ya tumbo la ndege kulikuwa na kamera inayosoma joto: chenye joto huonekana cheupe, kilichopoa huonekana cheusi. Kwa kamera hiyo aliwapata wengi waliopotea. Nyumbani tulimtania kwamba kwake hata mwizi wa kuku hana pa kujificha.

Asubuhi hiyo waliitwa kumtafuta mrina asali aliyepotea msituni siku mbili. Chini walikuwepo askari wa misitu, wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, kaka akiwaongoza kwa redio. Aliwahesabu. Weupe watano.

Nyuma yao, mweusi mmoja.

Alifuta skrini kwa mkono wa shati. Lilikuwa umbo la mtu, na miguu yake na mikono yake, jeusi tii. Limepoa kuliko udongo linaoukanyaga.

“Mko wangapi?”

“Watano, bwana,” mkubwa wao alijibu. “Kwani vipi?”

“Simameni kidogo.”

Watano wakasimama. Mweusi hakusimama.

“Msigeuke nyuma,” kaka alinong'ona. “Shikaneni mikono. Kimbieni.”

Wakakimbia. Mweusi akabaki njiani. Kisha, polepole, akainua uso. Akaitazama kamera.

Kaka akaizima. Rubani aligeuza ndege bila kuambiwa.

Askari walitoka salama. Mrina asali hajaonekana mpaka leo.

Jioni kaka alirudi nyumbani, mimi ndiye niliyemfungulia geti. Hakugusa chakula. Alinisimulia yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Siku ya pili fundi wa kamera alimwita ofisini. Kaka akaniomba, “Dada, nisindikize. Sitaki kuingia peke yangu.”

Fundi alituwekea picha zilizorekodiwa. Kamera ilizimwa saa tatu na nusu asubuhi. Lakini picha hazikuishia hapo. Ukaja uwanja wa ndege, kutoka juu. Barabara. Gari la kaka. Halafu paa la nyumba yetu, jioni ile, wakati ndege imeshafungiwa bandani.

“Nani aliirusha?” fundi aliuliza.

Nilisogea karibu na skrini.

Kwenye picha, pale getini, tulikuwa weupe wawili. Kaka nje. Mimi ndani, navuta komeo.

Nilimtafuta yule mweusi nyuma ya kaka. Hakuwepo.

Alikuwa ndani. Nyuma yangu. Ameinama, mdomo kwenye sikio langu la kushoto.

Tulihama wiki ile ile. Daktari amelipima sikio hilo mara tatu, anasema halina ugonjwa wowote. Mwenyewe alipoligusa, aliondoa mkono haraka.

Ni baridi kama barafu.