Kinundu cha Warsini

Asubuhi Warsini alikuwa jikoni akikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, huku akiimba. Kijiji kizima kiliijua sauti yake. Harusi yenye ngoma na gongo za gamelan bila Warsini, watu walisema, ni mchuzi wa sambali bila pilipili.

Siku hiyo mama mkwe wake, Bi Tukinah, aliona kinundu shingoni mwa Warsini. Akasema ni upepo umeingia mwilini. Dawa ya upepo kwetu kila mtu anaijua: akampaka mafuta, akamkwangua kwa sarafu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kinundu kikabaki palepale. Kesho yake akamkwangua tena. Shingo ya mtu ikawa sufuria ya kusuguliwa!

Jirani yao Endang, mkunga wa kijiji, alipoiona shingo ile alishtuka.

"Mama, kinundu hakikwanguliwi. Mpeleke mkweo akapimwe."

"Hakimuumi," Bi Tukinah akajibu. "Saratani ingeuma."

"Saratani ya tezi ya shingo mara nyingi haiumi. Na vinundu vingi vya tezi hiyo si saratani. Mimi kwa vidole siwezi kujua, sembuse wewe na sarafu yako."

Warsini aliogopa. Alikuwa amesikia kwamba sindano huamsha saratani, na kwamba akikatwa shingo sauti itapotea. Endang akamtuliza. Kipimo cha damu huonyesha kama tezi inafanya kazi sawasawa, alisema, lakini haitoshi. Picha ya altrasaundi huonyesha umbo la kinundu. Kikitiliwa shaka, huchomwa sindano nyembamba, na chembe zake hutazamwa kwa hadubini.

"Sindano haiamshi kitu," alisema. "Kisu, kama kitahitajika, ni baadaye. Ila sauti ikianza kukwaruza, au kumeza kukawa taabu, au kinundu kikakua haraka, usingoje hata kidogo."

Hospitalini picha ilileta shaka, basi Warsini akachomwa sindano. Siku za kungoja majibu hakuimba kabisa. Nyumba ikapooza.

Warsini, mama mkwe wake na Endang walirudi pamoja kusikia majibu.

"Si saratani," daktari alisema. "Hatukikati. Utarudi tukipige picha tena, tuone kama kinabadilika."

Warsini aliimba hapohapo kwenye korido, kwa sauti yake ya harusini. Wagonjwa wakapiga makofi. Bi Tukinah alilia kwa furaha, kisha akamvuta Endang pembeni na kulegeza ushungi wake.

"Mimi pia ninacho, kina miaka," alinong'ona. "Watanipima leo, au mpaka nijue kuimba?"